Neno la Mhariri: Kocha Naye Atajwe

Tarehe 7 Januari 1955 Marian Anderson alipanda jukwaa la Metropolitan Opera, New York, akiwa Ulrica katika Un ballo in maschera ya Verdi. Metropolitan ilianza maonyesho yake mwaka 1883, na kwa miaka yote hiyo hapakuwa na mwimbaji mweusi aliyewahi kupewa nafasi ya mhusika pale. Yeye alikuwa na umri wa miaka 57. Siku 20 baadaye akafuata Robert McFerrin, aliyeimba Amonasro katika Aida. Majina hayo mawili hayakosekani katika historia ya opera ya Marekani. La tatu ni nadra kulikuta: Sylvia Olden Lee, mpiga piano aliyeajiriwa na Metropolitan mwaka 1954, kabla yao wote wawili, awe kocha wa waimbaji. Ndiye mwanamuziki mweusi wa kwanza kuwa mtumishi wa jumba lile. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya watu wa kazi yake.

Wengi humchanganya kocha na mwalimu wa sauti. Mwalimu hushughulika na pumzi, koo na taya. Kocha huipokea sauti iliyokwisha kulelewa akaiingiza ndani ya mchezo wenyewe. Hukaa kwenye piano na kupiga kwa vidole kumi yale yatakayopigwa na okestra nzima, huku sikio lake likifuata kila silabi. Kiitaliano kina konsonanti pacha zisizosamehe uzembe. Kijerumani hufunga maneno kwa konsonanti ambazo mwimbaji aliyechoka huzimeza. Kifaransa kina irabu za puani. Hayo yote sharti ayajue, tena ajue mahali pa kuvuta pumzi ili maana isikatike, na kwa nini mhusika ananyamaza kidogo kabla ya kujibu. Kazi hii hufanyika chumbani, kama ya kungwi. Siku ya sherehe macho yote humwelekea mwali.

Kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ujasiri wa kukataa. Kijana wa miaka 22 mwenye sauti nene husifiwa kila aendako, na haupiti muda mrefu kabla hajaombwa kuimba nafasi nzito za Verdi au Wagner. Wakala anataka, jumba linataka, wazazi wanajivuna. Kocha mwema ndiye anayemwambia: bado, imba Mozart kwanza, hizo zitakungoja. Mara nyingine neno hilo humpotezea mwanafunzi, maana kijana huondoka akamtafute wa kumpendeza. Lakini lisiposemwa, sauti inaweza kuchakaa mapema, na sauti iliyochakaa hainunuliwi tena dukani. Sijui ushauri mwingine katika sanaa wenye gharama kubwa hivyo kwa anayeutoa.

Kazi hii pia hukomaa na umri. Mwimbaji huiona sauti yake ikipungua. Kocha huzidi kujua. Sylvia alizaliwa Meridian, Mississippi, mwaka 1917, akahitimu chuo cha Oberlin mwaka 1938, na mwaka 1942 akazunguka katika ziara na mwimbaji Paul Robeson. Kuanzia 1970 alifundisha Curtis Institute, Philadelphia, kwa miaka 20. Mwaka 1990 Jessye Norman na Kathleen Battle walipoandaa onyesho la nyimbo za kiroho za Waamerika weusi katika Carnegie Hall, walikwenda kwake. Alikuwa amepita miaka 70, na wao walikuwa nyota wa dunia nzima. Nyimbo zilizozaliwa mashambani, vinywani mwa watumwa, alizifundisha kwa uzito uleule aliowapa Verdi na Schubert. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi. Alifariki mwaka 2004.

Kwetu opera ina wapenzi wachache, lakini mtu wa aina hii tunamjua: ni mwalimu wa kwaya anayefundisha sauti nne kwa solfa jioni baada ya kazi, akijua nani aimbe sauti ya pili na nani asilazimishwe kupanda juu. Kwaya ikishinda, kombe hupigwa picha pamoja na waimbaji. Mwalimu, akibahatika, hurudishiwa nauli. Kisha tunashangaa kwa nini vijana wenye vipaji wanapotea baada ya mashindano mawili matatu. Tunalipia zawadi ya siku moja, hatulipii miaka ya kumwandaa mshindi.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo vya muziki, waandaaji wa matamasha na viongozi wa kwaya ni hili: bajeti ijayo iwe na fungu la kocha, lenye mshahara unaojulikana, na jina lake lichapwe katika ratiba ya onyesho, palepale chini ya jina la mwimbaji.