Chaneli ya Muziki Yataka Mtu Zaidi ya Mmoja

Ukipita soko la Migori ama stendi ya Homa Bay siku hizi, utasikia ohangla na benga zikilia kutoka kwa simu. Nyingi ziko YouTube, na nyingine zimewekwa huko na vijana wa kwetu. Kijana mmoja anarekodi, anakata video, anajibu maoni ya watu, na bado kesho aamkie bodaboda. Mimi nasema kijana kama huyo atafute mwenzake. Tulipojadili jambo hili chamani wengi walinipinga, ati fahari wawili hawakai zizi moja. Lakini chaneli si zizi.

Kaka yangu hapa Migori ana chaneli ya nyimbo za wazee wa benga. Binamu yetu wa Homa Bay amemwomba waiendeshe pamoja, naye kaka anakataa. Anaogopa kunyang'anywa. Hofu hiyo si ya bure, kwani kuna mtu mtaani kwetu aliyempa rafiki yake nywila, kulipokucha akakuta imebadilishwa pamoja na jina la chaneli. Hadi leo hawasalimiani. Lakini huyo alimpa ufunguo wa nyumba nzima mtu aliyekuja kufagia sebule! YouTube yenyewe ina ngazi: kuna mwenye chaneli, meneja, mhariri, mwandishi wa manukuu, na wa kutazama tu. Mhariri anapakia video, lakini hawezi kuifuta chaneli wala kuingiza mtu mwingine. Kila mmoja anaingia kwa akaunti yake, na mwenyewe anaweza kumtoa wakati wowote. Nywila haitoki mfukoni.

Kazi nayo ni kubwa. Ili chaneli igawiwe pesa za matangazo kwa video ndefu, inahitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Pesa zenyewe hazitumwi mpaka zifike dola 100. Halafu kuna haki za wenye nyimbo. Ukipata maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90, chaneli inaweza kufungwa kabisa. Sasa nani atakwenda kwa familia za wanamuziki upande wa Homa Bay kuomba ruhusa? Kaka hana nafasi hiyo. Binamu anayo.

Tena sisi wana Kiswahili tuna la kufanya hapo. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, na kufariki mwaka 2006, alijaa mafumbo ya siasa katika nyimbo zake za Kijaluo. Mtu wa Mombasa ama Tanga atacheza gitaa likilia, lakini hajui mzee anasema nini. Manukuu ya Kiswahili yangemfungulia, na kuyaandika si kazi ya mtu anayekata video usiku wa manane akisinzia.

Ninalokubaliana na kaka ni kuhusu pesa, kwa sababu zinaingia kwa akaunti moja. Basi waandikiane karatasi: nani ananunua bando, nani anachukua ngapi, na mmoja akitoka, video alizorekodi zinabaki na nani. Watu wetu huona haya kuandikiana na ndugu. Mimi naona haya zaidi wanapogombana mbele ya nyanya.

Kuna jambo lingine ambalo kaka hapendi nilitaje. Prince Jully alipofariki mwaka 1997, bendi haikufa naye. Mkewe Princess Jully aliishika, akaendelea, na wimbo wake "Dunia Mbaya" juu ya ukimwi ukasikika Kenya nzima. Aliweza kwa sababu aliijua bendi kutoka ndani. Sasa kaka yangu anaendesha bodaboda kila siku kwa barabara ya Isebania, na nywila iko kichwani mwake peke yake. Nyimbo za wazee alizozikusanya, nyingine kutoka kwa kanda ambazo zimeshakatika, zote ziko nyuma ya nywila hiyo. Nilimwuliza zitakuwa za nani akilazwa miezi sita. Alinyamaza, akawasha pikipiki.

Binamu anakuja Migori likizo ya Agosti. Karatasi ya makubaliano nimeshaiandika, imebaki sahihi mbili.