Mkojo wa Mama Mjamzito Upimwe Hata Asipoumwa

Msimu wa korosho unapowadia Nachingwea na Ruangwa, mama mwenye mimba huokota korosho kutwa nzima, akiinama na kuinuka. Jioni kiuno kikimuuma, husema ni uchovu. Akipata homa, nyumba nzima husema ni malaria. Huenda ni kweli. Lakini yupo adui mwingine ambaye hutajwa kwa nadra, nao ni bakteria wa njia ya mkojo.

Mimba hulegeza mirija inayoleta mkojo kutoka katika figo hadi kwenye kibofu, na mji wa mimba unapokua huibana. Mkojo hukawia, na bakteria, ambao aghalabu hutoka katika choo kikubwa, hupata nafasi ya kuzaana. Hatari ni kwamba mama anaweza kuwa nao asisikie maumivu yoyote. Wakiachwa huweza kupanda hadi kwenye figo. Ndipo huja homa kali, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni, na mtoto huweza kuzaliwa kabla ya wakati.

Kwa hiyo, mama, usingoje mkojo ukuunguze. Tangu siku ya kwanza ya kliniki, iwe katika zahanati ya kijiji au hospitali ya wilaya, ulizia kipimo cha mkojo. Jisafishe kwa maji, acha mkojo wa kwanza upite, kisha kinga ule wa katikati katika chombo safi. Kipimo cha kijiti hutoa dalili tu. Kilicho bora ni kuotesha bakteria maabara, kwani hicho huonyesha pia dawa itakayowaua. Tena, ukiwa na homa na damu isionyeshe malaria, omba mkojo upimwe kabla hujarudi nyumbani.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mjamzito aliyekutwa na bakteria katika mkojo, hata kama hana dalili, apewe dawa za kuwaua kwa siku 7. Mganga huchagua dawa kwa kutazama umri wa mimba. Naitrofurantoini, kwa mfano, haifai siku za kujifungua zinapokaribia, na tetrasaiklini huharibu rangi ya meno ya mtoto angali tumboni. Basi haifai kumeza vidonge vilivyobaki kwa jirani, wala kujinunulia dukani viwili vitatu. Nako kuacha dawa siku ya tatu kwa kuwa umepata nafuu ni kuwaachia uhai bakteria walio sugu. Maliza dozi, kisha rudi upimwe tena.

Nawe baba, uliye kazini Lindi, Mtwara au Dar es Salaam, unapouliza habari za nyumbani, uliza pia kama mkojo umepimwa. Nauli ya kumfikisha mkeo hospitali ya wilaya iwekwe kando mapema, kama zinavyowekwa nguo za mtoto.