Mbona malipo tunayaelewa upesi kuliko neema?

Yapo mawazo yanayoingia akilini karibu bila kufundishwa, na yapo yanayokataa kukaa hata tukihubiriwa kila Jumapili. Malipo ni wazo la kundi la kwanza. Mpe mtoto maandazi mawili na mwenzake moja, utasikia kelele kabla hujaketi. Neema ni ya kundi la pili.

Tazama Mathayo sura ya 20. Mwenye shamba la mizabibu aliajiri vibarua alfajiri, wengine saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa saa hizo, maana nasi tunaihesabu siku tangu jua linapochomoza. Hao wa mwisho walifanya kazi saa moja tu, lakini wote wakapata dinari moja. Ukiwa mkweli, moyo wako uko upande wa wale wa alfajiri walionung'unika.

Kwa nini? Wazo tunalolitumia kila siku huwa kama njia iliyokanyagwa. Miguu huifuata yenyewe. Sokoni tunapima, kazini tunahesabu siku, na hata harusini kuna daftari la nani alichanga kiasi gani. Dawa ya deni kulipa. Hesabu hiyo ni njema, maana bila hiyo kibarua angedhulumiwa. Kosa ni kudhani kwamba kinachotujia kwa wepesi ndicho ukweli wote. Katika Yohana 9, wanafunzi walipomwona kipofu waliuliza ni dhambi ya nani. Hesabu iliwajia kabla ya huruma.

Nasi daftari hilo tumeliingiza kanisani. Mwenzetu akifiwa, tunauliza kwanza: alikuwa akihudhuria jumuiya? Michango yake je? Majibu yakiwa mabaya, anabaki na msiba wake peke yake.

Neema haizoeleki kwa kusikiwa tu, bali kwa kutendwa. Wiki hii mtafute mgonjwa au mfiwa ambaye hakuwahi kufika kwako ulipokuwa na shida. Nenda, keti naye, saidia unachoweza, wala usiandike popote. Mara ya kwanza utajiona kama unapata hasara. Rudia. Mbele za Mungu, wengi wetu tuliingia shambani saa kumi na moja.