Si Kila Eksozi Mpya Inadai Mafuta Mapya

Ukisimama kwenye steji ya Kinoo jioni, utazisikia nduthi kabla hujaziona. Sailensa ya kiwanda imeng'olewa, pamefungwa bomba fupi lenye kibandiko cha Akrapovič au Yoshimura, na mara nyingi kibandiko hicho ndicho kitu pekee kinachohusiana na kampuni hizo. Hayo ni ya mwenye pesa zake. Linalonikera ni ushauri unaofuata: eti ukishafunga eksozi mpya, ni lazima mafuta yapangwe upya, iwe kwa kubadilisha jeti ya kabureta au kwa kuandika upya programu ya kompyuta ya pikipiki, yaani rimapu. Unatolewa kwa uhakika mkubwa hivi kwamba wengi hulipa bila kuuliza swali. Nayapitia madai hayo moja moja. Mengine yanastahili ukurasa, mengine sentensi chache.

La kwanza: "Usipopanga mafuta, injini itaungua." Hapa pana ukweli nusu. Ili petroli iungue yote, kilo 1 yake inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Injini inapobeba mzigo hupenda mafuta zaidi kidogo, karibu kilo 13 za hewa kwa 1 ya petroli. Hewa ikizidi na mafuta yakabaki palepale, mchanganyiko unakuwa mwepesi, joto linapanda na injini yenye mzigo inaweza kuanza kugonga. Hakuna anayebisha. Swali ni hewa kiasi gani imeongezeka. Kama umebadilisha sailensa ya nyuma peke yake, bomba linalotoka kwenye injini likabaki lile lile pamoja na kichujio cha gesi kilichomo, mabadiliko huwa madogo na kwa kawaida injini huyavumilia. Kama umetoa bomba zima kuanzia kichwa cha injini, ukatupa kichujio cha gesi, kisha ukafungua na boksi la hewa, hiyo ni injini nyingine na mafuta yake lazima yatazamwe. Fundi asiyekuuliza umebadilisha kipi hajui anachokuuzia.

La pili ndilo kubwa kwetu: "Kabureta haijui kitu, iongezee jeti." Boda nyingi zinazopanda na kushuka hapa, Boxer na TVS, bado zinatumia kabureta, kwa hiyo dai hili linagusa watu wengi kuliko yote. Kwanza, kabureta si mjinga kiasi hicho. Huvuta petroli kwa nguvu ya hewa inayopita kooni mwake; hewa ikipita kwa kasi zaidi, petroli nayo huvutwa zaidi. Haifuatani kikamilifu, lakini haikai tu.

Pili, na hapa ndipo ushauri wa video za ng'ambo unapotupoteza, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari. Ukitoka Kangemi kuelekea Uthiru na Kinoo unazidi kupanda, na ukifika Limuru umepita mita 2,200. Kwenye mita 1,700 hewa ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na ya ufukweni. Kabureta haipunguzi petroli kwa kiwango hicho hicho. Hupunguza karibu nusu yake tu. Matokeo ni kwamba kabureta iliyopangwa kutoa 14.7 Mombasa inatoa karibu 13.5 hapa kwetu, na chini ya hapo ukipanda Limuru. Yaani kabla hata hujagusa eksozi, injini yako tayari inakunywa petroli zaidi ya ilivyopangiwa, isipokuwa kama kiwanda au fundi alishailenga huku juu.

Sasa weka jeti kubwa juu ya hilo. Kwenye jeti ambazo namba yake ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kutoka 100 kwenda 105 kunaonekana kitu kidogo. Lakini petroli hupita kwenye eneo la tundu, na eneo limeongezeka kwa asilimia 10. Jumlisha na mwinuko na unakaribia 12.2. Eksozi ingelazimika kuongeza hewa nyingi mno ili hesabu hiyo ilingane, na bomba la kibandiko halifanyi hivyo. Kinachoweza kufuata ni moshi mweusi, plagi yenye masizi, na petroli inayoosha oili kwenye kuta za silinda hadi ikaingia kwenye oili yenyewe. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, jibu unalo.

Kuna kibaya zaidi ya jeti kubwa, nacho ni jeti iliyotobolewa. Fundi anafungua bakuli la kabureta, anatoa kijeti cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, anachukua uzi mmoja wa waya ya klachi iliyofumuka na kuuingiza tunduni, anazungusha, anapuliza, anarudisha. Dakika chache, kazi imekwisha. Tundu lile lilichongwa kiwandani kwa kipimo cha sehemu za mia za milimita. Sasa limekwaruzwa, halina namba, na hakuna fundi mwingine atakayejua alipoanzia. Ukimwona anatafuta waya, mwambie aache.

La tatu linatoka upande wa pili, kwa wenye pikipiki za kisasa: "Kompyuta hujifunza yenyewe, rimapu ni wizi." Nalo ni nusu. Tangu Aprili 2020 sheria ya India ya moshi iitwayo BS6 imesukuma pikipiki zake kwenye mafuta ya sindano badala ya kabureta, na baadhi zimetufikia. Nyingi zina sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, na kompyuta husahihisha mafuta kulingana na inachosoma. Lakini sensa ya kawaida inajua jambo moja tu: je, tuko juu au chini ya 14.7? Inafaa ukienda polepole kwenye lami tambarare. Ukivuta mafuta yote kupanda mlima na abiria nyuma, kompyuta huacha kuisikiliza na kurudi kwenye jedwali lililoandikwa kiwandani, na jedwali hilo halijui kwamba umebadilisha bomba. Mwinuko ni jambo jingine: sensa ya shinikizo la hewa hulisahihisha, ndiyo maana mwenye sindano hateswi na Limuru kama mwenye kabureta. Kwa hiyo mwenye eksozi kamili kwenye pikipiki ya sindano ana sababu ya kweli ya kulipia rimapu. Aidai ifanywe na kipimo: sensa pana inayosoma namba halisi ya mchanganyiko huku injini ikiwa na mzigo, ama kwenye dainamomita ama barabarani. Faili iliyopakuliwa kutoka kwa mtu wa Ulaya mwenye pikipiki kama yako ni kubahatisha tu.

"Kuna kidude cha bei nafuu kinachofanya kazi ile ile." Hakifanyi. Vingi ni kizuizi cha umeme kinachoidanganya sensa ya joto la hewa, ili kompyuta ione hewa ya baridi na kumwaga petroli zaidi kila mahali, panapohitajika na pasipohitajika. Na pale sensa ya oksijeni inapofanya kazi, kompyuta huyaondoa mafuta hayo tena. Umelipia ubishi kati ya sensa mbili.

"Ikilipuka ukiachia mafuta, mchanganyiko ni mwepesi, ongeza." Polepole. Milipuko ya bomba baada ya kubadilisha eksozi mara nyingi huanzia kwenye gasketi ya eksozi, pale bomba linapoungana na kichwa cha injini, iliyofungwa vibaya, au ya zamani iliyorudishwa. Hewa ya nje inaingia kwenye bomba na petroli iliyobaki inawaka humo. Kwa pikipiki yenye sensa ya oksijeni ni mbaya zaidi: sensa inaona hewa ile, inadhani mafuta hayatoshi, na kompyuta inaongeza bila sababu. Kuijaribu ni rahisi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, iwashe, ziba mdomo wa eksozi kwa tambara nene kwa sekunde chache, na usikilize pale bomba linapoungana na injini. Ukisikia hewa inafoka, nunua gasketi kwenye maduka ya Kirinyaga Road na ubaki na pesa za jeti.

"Plagi itakuambia." Itakuambia ukiiuliza vizuri. Plagi iliyochomolewa baada ya nduthi kusimama stejini ikinguruma inaonyesha mafuta ya kunguruma tu. Panda mlima kwa gia ya juu ukiwa umevuta mafuta yote, kisha zima injini na ushike klachi kwa pamoja, egesha pembeni salama, chomoa. Hapo rangi ina maana. Hata hivyo ni kidokezo, si kipimo.

Kuhusu "mlio ni nguvu", sina mengi. Mlio ni sauti ambayo sailensa imeacha kuimeza. Bomba lililo wazi huwa linapeleka nguvu kwenye mizunguko ya juu na kuiondoa chini, na mwendesha boda wa Kinoo anaishi chini: abiria wawili, gunia la viazi, gia ya pili. Na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinakataza gari au pikipiki yenye kelele kubwa zisizo za kawaida, kwa hiyo polisi wa barabarani akikusimamisha hakuonei.

Ushauri wangu kwa mwenye kabureta ni huu. Funga eksozi, kagua gasketi, endesha wiki nzima na jeti ile ile ya kiwanda, kisha soma plagi ukiwa na mzigo. Ikiwa nyeusi, jaribu kupunguza namba moja, usiongeze. Jeti ya zamani iandike namba yake na uitunze pamoja na sailensa. Siku ukiteremka Mombasa, irudishe kabla hujaondoka, kwa maana huko hewa ni nzito na jeti uliyoipunguza kwa ajili ya Kinoo itaiacha injini na njaa ya petroli njia nzima ya tambarare.