Panya wa Pittsburgh hawajaushinda uzee

Mwandishi anayedai kwamba seli changa zimeushinda uzee ameegemea utafiti mmoja: ule wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh wa 2012. Panya waliodungwa seli shina za misuli ya panya wachanga waliishi muda mrefu zaidi, baadhi wakivuka siku 66, ilhali wenzao hufa kati ya siku ya 21 na ya 28.

Lakini panya hao walizaliwa na hitilafu ya jeni inayowazeesha mbio. Huo si uzee wa kawaida!

Tena faida ilielekea kutokana na kemikali zilizotolewa na seli hizo. Hapo ndipo penye utajiri, naye mwandishi huyo amepapita.

Kinyume chake pia kimeonekana: mwaka 2018, watafiti wa Mayo Clinic waliwapandikizia panya vijana seli chache zilizozeeka, wakadhoofika.