Kazi za Mikono: Gitaa Lisiloshika Sauti

Katika vijiji vya tambarare ya Ruzizi, toka Luvungi na Lubarika mpaka Uvira ziwani, gitaa la kwaya mara nyingi si mali ya mtu mmoja. Hununuliwa kwa mchango: huyu ametoa thamani ya kuku, yule thamani ya kilo chache za mpunga. Basi likianza kupoteza sauti katikati ya wimbo, wengi huumia. Waimbaji humkazia macho mpigaji, wazee hunong'ona, na kijana aliyejifunza kwa taabu miezi mingi huambiwa kwamba hajui kazi. Asipopata wa kumtetea, huliangika gitaa ukutani, nao wadogo waliomtazama hukosa mwalimu.

Mara nyingi kosa si lake. Kosa ni la vigingi, yaani vile vijiti au vifungo vya kichwani pa chombo ambavyo hukaza nyuzi. Wengine huviita funguo. Kigingi kikiteleza, uzi hulegea, na uzi ukilegea sauti hushuka.

Kwanza tujue ni nini hasa kinachoushika uzi. Tazameni inanga ya jirani zetu wa Burundi, au lulanga ya Bashi wa upande wa Bukavu. Ni mti uliochongwa kama chano kirefu, na juu yake kamba moja huenda na kurudi katika mapengo ya ncha mbili. Haina kigingi hata kimoja. Kinachoizuia kamba isirudi nyuma ni msuguano, yaani kule kung'ang'aniana kwa kamba na mti. Udi wa Unguja na fidla vina vigingi vya mti, lakini siri yao ni ile ile. Kigingi chao ni kinene upande wa kichwa na chembamba upande wa ncha. Katika fidla unene hupungua milimeta 1 kwa kila milimeta 30 za urefu. Kikisukumwa tunduni hukaa kama kizibo katika chupa.

Adui wa msuguano huo ni mabadiliko ya hewa. Mti hunywa unyevu ukavimba, tena hukauka ukanywea. Kwetu Ruzizi, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni mikavu na jua ni kali. Ndipo kigingi kilichoshika vema wakati wa mvua huanza kuteleza. Mvua zikirudi, kigingi kile kile chaweza kugoma kabisa kuzunguka. Kwa hiyo gitaa lisitundikwe juani, wala karibu na moto wa jikoni, wala lisiachwe chini ya bati wakati wa adhuhuri.

Kabla ya kutoa dawa, yapasa kuujua ugonjwa. Chukua kalamu ya risasi, ulinganishe uzi vizuri, kisha piga alama ndogo kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye mti ulio kando yake. Ngoja saa moja. Ikiwa nusu ya alama imesogea, kigingi kimeteleza kweli. Ikiwa alama haikusogea lakini sauti imeshuka, usikiguse kigingi: uzi wenyewe ndio unaonyooka, au fundo lake linateleza. Jaribio hili halina gharama, nalo limewaepusha wengi kubomoa kilicho kizima.

Tuanze na vigingi vya mti, kama vya fidla, vya udi, na vya magitaa yanayochongwa na vijana wetu wenyewe.

Jambo la kwanza, tazama jinsi uzi ulivyozungushwa. Mizunguko ianzie penye tundu la uzi, iende ikijipanga kuelekea ukuta ulio upande wa kichwa cha kigingi. Hapo uzi wenyewe utakivuta kigingi kuingia ndani. Ikienda upande wa pili, utakisukuma kitoke.

Jambo la pili, unapokaza, sukuma na kuzungusha kwa pamoja, lakini kwa kiasi. Mwenye kusukuma kwa hasira hupasua kichwa cha chombo.

Jambo la tatu, kitoe kigingi, ukifute kwa kitambaa kikavu, ukitazame. Panapong'aa kama kioo ndipo pamepoteza msuguano. Paka hapo chaki ya ubaoni kidogo, ukizungushe tunduni mara kadhaa. Kikigoma kuzunguka, paka sabuni kavu kidogo sana. Chaki hushika, sabuni hulainisha. Fundi huvipatanisha hivyo viwili mpaka kigingi kizunguke bila kuruka na kisimame kinapoachwa.

Jambo la nne, tundu likiwa limepanuka, karatasi nyembamba iliyozungushwa kwenye kigingi yaweza kusaidia Dominika moja au mbili. Lakini hiyo ni bandeji tu. Tiba yenyewe ni kuliziba tundu kwa mti mgumu na gundi, kulitoboa upya, na kuchonga kigingi cha mti mkavu na mzito, kama mpingo. Mti mbichi haufai, maana utanywea baada ya kuchongwa. Kazi hii mpelekee seremala mwenye subira.

Sasa tuje kwenye gitaa la dukani. Vigingi vyake ni vya chuma, vyenye gurudumu la meno na skurubu inayolisukuma. Katika nyingi, kitufe huzunguka mara 14 hivi ndipo mhimili uzunguke mara 1. Skurubu huweza kulisukuma gurudumu, bali gurudumu haliwezi kwa urahisi kuirudisha skurubu. Kwa hiyo kigingi cha namna hii huteleza kwa nadra, na kosa litafutwe penginepo. Je, uzi ni mpya? Uvute polepole kwa vidole, uulinganishe tena, urudie mpaka utulie. Je, una mizunguko ya kutosha? Miwili au mitatu iliyopangwa bila kupandana yatosha kwa nyuzi nene. Nyuzi nyembamba zataka zaidi. Je, skurubu ndogo ya katikati ya gurudumu imelegea? Ikaze. Je, skurubu za bamba hazishiki tena mti? Tia tunduni kijiti cha kiberiti kilichokatwa kichwa, pamoja na gundi, uache siku moja, kisha urudishe skurubu. Na unapolinganisha, shuka kwanza chini ya sauti unayoitaka, kisha uipandie. Ukiishia kwa kulegeza, nafasi iliyo kati ya meno itakuponza.

Mtu aweza kuuliza: «Kwa nini nisimwage gundi kwenye kigingi nikamaliza udhia?» Kwa sababu kigingi kilichogandishwa hakilinganishiki tena, na uzi ukikatika utalazimika kukivunja. Wala usitie mafuta kwenye kigingi cha mti. Yataingia mtini, na chaki haitashika tena. Wala usipigilie msumari. Kumbukeni kwamba nyuzi sita za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi kwa jumla. Kichwa kilichopasuliwa na msumari hakiwezi kuihimili. Kwa sababu hiyo hiyo, gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisitiwe za chuma.

Wala tusiseme kwamba kazi hizi ni za Wazungu wenye karakana. Huko Kinshasa, tangu mwaka 1994, Armand Diangienda alipoanzisha okestra ya Wakimbangu, ala zilikuwa chache na za kuazimana, na uzi wa fidla ulipokatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Waliendelea kujifunza hivyo hivyo, hata okestra yao ikasifika ng'ambo.

Basi, enyi viongozi wa kwaya, kabla ya kumlaumu kijana, pigeni ile alama ya kalamu na kungoja saa moja. Na nyinyi wanafunzi, wekeni kisandukuni kipande cha chaki, sabuni kavu, bisibisi ndogo na kalamu ya risasi. Fanyeni ukaguzi siku ya Ijumaa, ili ikiwa kuna uzi unaoshuka, Jumamosi nzima ibaki kwa kuutengeneza.