Meza ya Watu Wanne



Wapendwa wasomaji, wengi wetu huku tumelifahamu jina la mahjong kwa njia ya kompyuta. Vigae vyenye picha vimerundikwa kwenye kioo, mtu anatafuta viwili vinavyofanana, anavibofya, vinatoweka, na saa nzima inapita bila yeye kusema neno na mtu yeyote. Tungependa kusema mapema kwamba huo si mchezo wa Kichina unaoitwa kwa jina hilo, bali umeazima vigae vyake tu. Mahjong yenyewe kwa kawaida huchezwa na watu wanne, na Wachina wanao msemo wa malalamiko unaojulikana kila mahali kwao: tuko watatu, amepungua mmoja.

Tunaandika juu yake kwa sababu mara kwa mara tunaulizwa kama ni halali kwa Mkristo kucheza michezo yenye bahati ndani yake, na mchezo huu unalionyesha swali hilo vizuri kuliko mingi.

Zipo simulizi zinazomtaja Confucius kuwa ndiye aliyeubuni. Hazina msingi. Mahjong ilizuka katika karne ya 19, chini ya nasaba ya Qing, katika miji ya mashariki ya China iliyo karibu na mdomo wa mto Yangtze, ikitokana na karata za zamani zaidi. Seti kamili ina vigae 144. Kati ya hivyo, 108 ni vya jamii tatu, yaani miduara, mianzi na maandishi ya elfu kumi. 16 ni vya pepo nne (pepo za Mashariki, Kusini, Magharibi na Kaskazini, wala si mapepo ya kukemewa). 12 ni vya majoka, na 8 ni vya maua na majira ya mwaka. Vigae hulazwa kifudifudi na kuchanganywa kwa mikono minane kwa pamoja, kisha kila mchezaji hujenga upande wake wa ukuta. Kelele ya kuchanganya watu huifananisha na sauti ya shomoro, na jina lenyewe la mchezo linahusishwa na ndege huyo. Kila mmoja huchukua vigae 13, aliye Mashariki huchukua 14, halafu wanaendelea kuokota kimoja na kutupa kimoja, mpaka mmoja wao akamilishe mafungu manne na jozi moja. Mchezaji mzuri hatazami vigae vyake peke yake. Hutazama jirani ametupa nini, na hutazama zaidi jirani amesita kutupa nini.

Sasa tufike penye ugumu. Ile miduara asili yake ni sarafu za zamani za Kichina. Ile mianzi asili yake ni kamba zilizotungwa sarafu hizo. Elfu kumi nayo ni hesabu ya fedha. Fedha basi haikuingia katika mchezo huu kwa mlango wa uani. Imechongwa juu ya vigae tangu mwanzo, na kwenye meza nyingi za China hata leo dau huwekwa, liwe dogo au kubwa. (Hata Bwana wetu alipowataja shomoro katika Injili, alitaja na bei yao sokoni.)

Mwishoni mwa miaka ya 1920 msomi mashuhuri wa China, Hu Shi, aliushambulia mchezo huu kwa hesabu. Alikadiria kwamba nchini mwake kulikuwa na meza milioni moja za mahjong kila siku. Kila meza ikicheza mizunguko minane, na kila mzunguko nusu saa, taifa linapoteza saa milioni nne kwa siku, yaani siku zipatazo 167,000. Hesabu hiyo inatisha, na mwenyewe alihesabu meza tu. Angehesabu watu, angezidisha mara nne. Lakini inajulikana pia kwamba mke wake, Jiang Dongxiu, alikuwa mpenzi mkubwa wa mahjong, na hakuna hesabu ya mumewe iliyomwondoa mezani. Kwa maoni yetu Hu Shi alipima saa kwa usahihi, ila hakupima kilichokuwa kikitendeka ndani ya saa hizo. Mwanamke aliyefuata kazi ya mume katika mji wa ugeni alikuwa na watu watatu wa kuketi nao.

Watawala nao walijaribu. Baada ya mwaka 1949 serikali mpya ya China ilipiga vita kamari, na wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, kumiliki seti ya mahjong kulikuwa jambo la hatari. Hata hivyo mchezo ulirudi, na mwaka 1998 mamlaka ya michezo ya nchi hiyo hiyo ilitoa kanuni rasmi za kuucheza kama mashindano bila kamari. Oktoba 2019 polisi wa wilaya ya Yushan, mkoani Jiangxi, walitangaza kufunga kumbi zote za mahjong. Malalamiko yakawa makubwa, ikabidi watoe ufafanuzi. Watu waliuliza swali la haki kabisa: wazee waende wapi?

Kanisa limelisema jambo hili kwa kiasi. Katekisimu, namba 2413, haiiti michezo ya bahati na kuwekeana dau kuwa ni dhambi kwa yenyewe. Inakuwa ovu pale inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa riziki yake na ya wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kucheza inaweza kugeuka utumwa. Kwa hiyo swali la kuuliza mezani ni hili: hicho kilichowekwa hapo ni ada ya mtoto? Ni dawa ya mama? Kama ndivyo, hatuna maneno mawili. Tena Mtakatifu Thoma wa Akwino anaifundisha michezo kuwa ni pumziko la roho, na kumhesabia kosa mtu asiye na furaha yoyote ya kuwapa wenzake. Tumewahi kuona Wakristo wema wanaokemea bao chini ya mwembe, na hawana habari na mzee anayeshinda peke yake nyuma ya nyumba.

Ndiyo maana ile mahjong ya kompyuta inatusumbua kuliko ile ya dau la sarafu chache. Imeondoa fedha, ni kweli. Imeondoa na watu watatu.

Hata hapo haki inatudai tuseme jambo moja. Mchezo ule wa kuoanisha vigae peke yako uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Mmarekani Brodie Lockard, kijana mwanasarakasi wa viungo aliyekuwa amepata ajali na kupooza kuanzia shingoni. Aliandika programu akitumia kijiti alichokishika mdomoni, na mwaka 1986 mchezo wake ulitolewa kwa jina la Shanghai. Mtu huyo hakuweza kuinua kigae kimoja kwa mkono. Kwake kioo kile kilikuwa mlango uliofunguliwa, na hatutathubutu kumwambia angoje mpaka wapatikane watu watatu.

Wapo wagonjwa na wazee wa namna hiyo katika jumuiya zetu ndogo ndogo, ambao simu ya mjukuu ndiyo pekee inayocheza nao. Wahudumu wanaopeleka Komunyo Takatifu majumbani tunawaomba watuletee majina yao kabla ya Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Na vijana wenye ubao wa drafti au karata, wafuatane na wahudumu hao, wasiwe na haraka ya kuondoka.